Kusukuma juu ya kichwa bila chuma: ngazi za ploti zinatosha

Swali huja kwa sura tofauti lakini ni lile lile. Kijana anayepakia unga katika duka la jumla anauliza mbona anapiga pushapu 50 bila kutua, lakini beli la unga likipita usawa wa uso mikono inaanza kutetemeka. Dada wa ghorofa ya nne anabeba mtungi wa lita 20 ngazi zote bila kupumzika, halafu kuuinua aumimine kwenye dramu ndiko kunamshinda. Wengine hawazunguki: sina hela ya jimu, nitapataje mabega yenye nguvu?

Jibu langu kwa wote ni moja. Pushapu ya kawaida inasukuma mbele, haisukumi juu. Ukipiga 100, utakuwa hodari wa kusukuma mbele. Kinachotakiwa ni kugeuza mwili kidogo kidogo, mpaka sakafu ndiyo iwe ile dari unayoisukuma. Hatua zote hapa chini zinaongeza mgeuko huo. Kuongeza idadi ni jambo la pili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu wa kilo 70 akipiga pushapu ya kawaida, mikono hubeba karibu theluthi mbili ya uzito wake, yaani kilo 45 na kidogo, na kifua ndicho kinachofanya sehemu kubwa ya kazi. Akisimama kwa mikono, karibu kilo zote 70 zimelala juu ya mabega. Safari ni kutoka 45 kwenda 70, na huwezi kuruka katikati.

Kabla ya kuanza

Kwanza afya. Kama una presha ya kupanda, glakoma au tatizo lingine la macho, una mimba, au bega lako limewahi kuteguka, usigeuze kichwa chini kabla ya kuongea na daktari. Hili silisemi kwa kutimiza desturi. Kichwa kikiwa chini, shinikizo la damu kichwani na ndani ya macho hupanda.

Halafu jipime mara mbili. Simama mgongo ukigusa ukuta, miguu hatua ndogo mbele, kiuno kisiachane na ukuta, kisha inua mikono iliyonyooka mpaka vidole gumba viguse ukuta juu ya kichwa. Vikigusa, mabega yako yamefunguka vya kutosha. Visipogusa bila mgongo kupinda, kaa hatua ya 1 na ya 2 kwa wiki mbili au tatu. Kipimo cha pili: pushapu 10 za kawaida, safi, kifua kikishuka mpaka karibu na sakafu. Kama hufiki 10, zipige hizo kwanza ukiwa umeegemeza mikono kwenye ukingo wa kitanda au meza nzito.

Vifaa vyenyewe:

- Ukuta wa mawe au wa zege. Ukuta wa mabati au wa mbao nyembamba haufai. Kama nyumba yako ni ya mabati, tafuta ukuta wa uwanja wa mtaa.
- Ngazi za ploti, yaani za jengo la nyumba za kupanga. Kreti ya soda iliyogeuzwa nayo inasaidia mwanzoni.
- Leso moja ya kusokota, au kamba.
- Vitabu vinene vitano au sita na blanketi la kukunja.
- Soksi safi. Utaelewa sababu ukifika hatua ya 5.
- Simu ya kujirekodi kutoka ubavuni.

Hatua ya 1: Amsha vifundo na mabega

Dakika tano tu, lakini usiziruke, hasa asubuhi za Julai ambapo hata sakafu inauma viganja kwa baridi.

Piga magoti, weka viganja chini, vidole vikitazama mbele. Egemea mbele mpaka mabega yapite ncha za vidole, kisha rudi. Mara 10. Geuza vidole vitazame magoti, rudia mara 10 polepole. Simama, shika leso iliyosokotwa kwa mikono mipana, ipitishe juu ya kichwa mpaka nyuma ya mgongo, irudishe. Mara 10. Ikikataa kupita, panua mikono. Ukikunja kiwiko umejidanganya.

Hatua ya 2: Fundisha mabega kupanda

Weka viganja na miguu chini, makalio juu kabisa, mwili ufanane na paa la nyumba. Bila kukunja viwiko, sukuma sakafu mpaka mabega yakaribie masikio, kisha legeza. Seti 2 za mara 10, yaani mara 10, pumzika, kisha mara 10 tena.

Najua umeambiwa kila mahali "shusha mabega". Kwa pushapu ya kawaida, sawa. Mikono ikiwa juu ya kichwa mambo yanageuka: makombe ya mabega lazima yapande na kuzunguka, la sivyo kano zilizo juu ya bega zinabanwa kila unaposukuma. Maumivu mengi ninayoulizwa yanaanzia hapa.

Hatua ya 3: Pushapu ya paa

Hii ndiyo kazi yenyewe. Wengi watakaa hapa mwezi mzima, na hakuna aibu.

Anza na lile umbo la paa. Viganja viwe vipana kidogo kuliko mabega. Tembeza miguu ikaribie mikono kadiri uwezavyo, visigino vinaruhusiwa kuinuka, na kama misuli ya nyuma ya paja inavuta, kunja magoti kidogo. Sasa shusha kichwa, lakini usikishushe katikati ya viganja. Kipeleke mbele ya vidole. Fikiria mafiga matatu ya jikoni: kiganja cha kushoto figa moja, cha kulia la pili, utosi ndio figa la tatu, mbele yao. Sufuria haikai kwenye mafiga yaliyopangwa kwa mstari, na bega lako nalo halikai.

Hesabu moja, mbili, tatu ukishuka. Utosi ukigusa sakafu kidogo tu, kama unaonja chai ya moto, sukuma juu na umalize kwa kupandisha mabega kama ulivyofanya hatua ya 2. Viwiko vielekee nyuma, kiasi cha pembe ya digrii 45, visifunguke kama mabawa ya kuku. Ukiwa chini kabisa, mkono kutoka kiwiko hadi kiganja unapaswa kuwa wima.

Seti 3, kila moja mara 5 hadi 8, na pumzika dakika mbili kati yake. Dakika mbili kamili. Hii si mbio ya kutoa jasho.

Kama ni nzito mno, piga magoti ukingoni mwa kitanda, viganja sakafuni, makalio juu, ufanye vivyo hivyo. Dada zangu wengi walioniuliza walianzia hapo, na kaka kadhaa pia, ingawa hao hawapendi kusema.

Makosa matatu utayafanya. La kwanza, makalio yanashuka kadiri unavyochoka, na pushapu ya paa inageuka kuwa pushapu ya kawaida yenye makalio yaliyoinuka kidogo. La pili, kichwa kinaanguka katikati ya viganja. La tatu ni haraka. Kuna jamaa mmoja uwanjani kwetu aliyekuja akisema anapiga 30 za paa. Nikamwomba tano tu, kwa hesabu ya tatu, na figa la tatu likiwa mahali pake. Ya tatu ilimkalisha chini, akacheka peke yake, akaanza upya.

Hatua ya 4: Panda ngazi kwa miguu

Sasa ngazi za ploti zinakuwa mashine yako. Viganja viwe pale chini ngazi zinapoanzia, kwenye sakafu tambarare, na miguu kwenye kidato cha kwanza nyuma yako. Makalio yabaki juu ya mabega. Kila kidato huwa na kimo cha sentimita 15 hadi 18 hivi, kwa hiyo una kipimo kilichojengwa tayari na fundi: kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kila miguu inapopanda, rudisha viganja nyuma kidogo karibu na ngazi, ili kiwiliwili kiendelee kusimama wima. Usiporudisha, miguu inapanda lakini mgeuko haubadiliki.

Kanuni ya kupanda ni hii: ukifikisha seti 3 za mara 8, safi, siku mbili za mazoezi mfululizo, panda kidato kimoja na urudi kwenye mara 5. Kufika kidato cha nne au cha tano, kiwiliwili chako kitakuwa karibu wima kabisa.

Onyo mbili. Usitumie kiti cha plastiki. Nilikiweka sebuleni, kwenye vigae, miguu juu yake, na kwenye mara ya sita kikakimbia kuelekea mlangoni bila mimi. Mdomo wa chini ulivimba siku tatu. Onyo la pili ni saa. Saa kumi na mbili jioni, maji yakiwa yamefika kwenye tangi la chini, ngazi zote ni mitungi na ndala zenye maji. Fanya asubuhi mapema, au saa tatu usiku watu wakiwa mezani, na stima zikipotea acha mara moja. Kukanyagwa mkono na mtu aliyebeba lita 20 gizani si jambo la kujaribu.

Hatua ya 5: Kupanda ukuta, tumbo likitazama ukuta

Unaweza kuianza ukiwa kidato cha pili cha hatua ya 4, siku hizo hizo, kabla ya pushapu.

Jiweke kama wa kupiga pushapu, nyayo zikigusa ukuta. Tembeza miguu juu ya ukuta na viganja kuelekea ukuta, taratibu, mpaka viganja vibaki shibiri moja kutoka ukutani. Kaza makalio, vuta mbavu ndani, sukuma sakafu mabega yapande. Kaa sekunde 20, mara 3. Ongeza sekunde tano tano mpaka ufike 60.

Kwa nini tumbo ndilo litazame ukuta? Kwa sababu mgongo ukitazama ukuta ni rahisi kupinda kiuno kama ndizi bila kujua. Hilo la kupinda si dogo. Mpaka Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kunyanyua vyuma kulikuwa na mtindo wa kusukuma chuma kwa mabega tu. Ukafutwa baada ya hapo, sababu mojawapo ikiwa kwamba wanyanyuaji walikuwa wakijipinda nyuma sana hata waamuzi wakashindwa kujua ipi ni halali. Mwili uliochoka hutafuta kifua kikusaidie. Usikiruhusu.

Kushuka ni muhimu kuliko kupanda. Tembea chini kama ulivyopanda, ukiwa bado na nguvu za sekunde kumi. Anayengoja mpaka mikono ikatae atashuka kwa shingo. Na vaa soksi. Rangi ya ukuta wa nyumba ya kupanga haisahau nyayo, na mimi nimelipia kopo zima la rangi siku ya kuhama.

Hatua ya 6: Shuka polepole

Mtu hushuka na uzito mkubwa kuliko anaoweza kuupandisha. Tunautumia ukweli huo.

Safari hii geuza: tazama ukuta, weka viganja kama shibiri moja na nusu kutoka ukutani, rusha mguu mmoja na mwingine ufuate, visigino viguse ukuta. Chini, kati ya viganja na ukuta, weka blanketi lililokunjwa pale figa la tatu litakapotua. Shuka kwa sekunde tano. Utosi ukigusa blanketi, kunja magoti, ushushe miguu. Usijaribu kusukuma juu bado. Seti 3 za mara 3 zinatosha kabisa. Kesho yake utazihisi ukichana nywele.

Ukishindwa kuhesabu mpaka tatu, yaani unaanguka badala ya kushuka, rudi kwenye ngazi. Shingo haina spea.

Hatua ya 7: Ondoa kitabu kimoja

Panga vitabu vifike kama sentimita 15, blanketi juu yake, mahali pa kichwa. Shuka mpaka utosi uguse, sukuma juu. Hiyo ni nusu ya safari. Ukifikisha mara 5 kwa seti 3, ondoa kitabu kimoja. Vingine vitaondoka ndani ya wiki, vingine vitakuganda mwezi mzima, na kitabu cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote vilivyotangulia.

Usitumie mto. Unabonyea, hujui umeshuka kiasi gani, na shingo inapinda ndani yake.

Hatua ya 8: Kamili

Utosi mpaka kwenye blanketi tupu, mikono inyooke juu. Ukifikisha 5, weka viganja juu ya mawe mawili ya ujenzi yaliyotulia vizuri ili kichwa kishuke chini ya usawa wa mikono. Hapo wewe si mwanafunzi tena na huhitaji mwongozo huu.

Wiki yako

Siku mbili, Jumatatu na Alhamisi, zinamtosha anayeanza. Baada ya miezi miwili unaweza kuongeza Jumamosi. Acha angalau siku moja kamili katikati. Kila unaposukuma, vuta pia: kuning'inia na kujivuta kwenye chuma cha uwanjani, au kulala chini ya meza imara na kujivuta kifua kifike ukingoni. Seti za kuvuta zilingane na za kusukuma, kwa sababu mabega yanayosukuma tu huanza kuinama mbele.

Kuhusu chakula sina mengi. Maharagwe, ndengu, omena, mayai, chochote kati ya hivyo kiwe karibu na ugali kila siku. Unga wa makopo wa kuongeza misuli huuhitaji kwa kazi hii. Na usifanye ukiwa umeshiba. Kichwa chini, chai ya maziwa hukumbuka njia iliyoingilia.

Mambo yakikataa

*Vifundo vya mikono vinauma.* Rudi hatua ya 1 na uifanye mara mbili kwa siku. Kama bado, fundi wa jua kali anayechomelea madirisha anaweza kukuundia vishikio viwili vya bomba vyenye miguu mifupi. Ukishika bomba, kifundo kinabaki kimenyooka. Mwambie miguu iwe mipana, visipinduke.

*Bega linachoma kwa mbele.* Acha siku hiyo. Angalia video yako: karibu kila mara viwiko vimefunguka kama mabawa au mabega hayapandi mwishoni. Rudi hatua mbili nyuma. Likichoma hata ukivaa shati, au likikuamsha usiku, nenda hospitali ulipeleke kwa mtaalamu wa viungo.

*Kizunguzungu nikisimama.* Unasimama haraka. Ukishuka, baki umepiga magoti, pumua mara kumi, ndipo uinuke. Kikiendelea siku hadi siku, pima presha. Duka la dawa la mtaani mara nyingi wana mashine.

*Nimekwama idadi ile ile wiki tatu.* Fanya nusu ya seti kwa wiki moja, lala mapema, kisha rudi. Kama bado, shuka kidato kimoja lakini hesabu tano ukishuka badala ya tatu. Anayefanya kila siku ndiye hukwama zaidi, na ndiye hukataa kupumzika.

*Naogopa kurusha miguu ukutani.* Baki na hatua ya 5. Unaweza kufanya hata kushuka kwa polepole ukiwa umepanda na tumbo likitazama ukuta, kichwa kikienda upande wa chumba, mradi uache viganja shibiri mbili kutoka ukutani. Woga huo wengi huuacha wenyewe baada ya kukaa sekunde 60 mara kadhaa.

*Nimefika hatua ya 7 na mtungi bado unanipa shida.* Hili ni swali zuri, na anayekuambia mazoezi ya ukutani pekee yanamaliza kila kitu anakudanganya. Ukutani sakafu haitikisiki. Maji yanacheza, na umesimama kwa miguu yako. Kwa hiyo mara moja kwa wiki, baada ya mazoezi, chukua mtungi wa lita 20 wenye maji nusu, ambao ni kama kilo 10 na uzito wa plastiki. Upandishe mpaka kifuani, kiganja kimoja chini yake na kingine kwenye mkono wa mtungi, kaza makalio, usukume juu ya kichwa, ushushe taratibu. Mara 5, badilisha mikono, mara 5 tena. Kila wiki ongeza lita mbili. Fanyia nje, na kaza kifuniko kabla hujauinua.